Andika Nimecheka

Mama hacheki kwa sauti. Hucheka kwa mabega.
Kichwa hukilaza juu ya cherehani,
kiganja kikipigapiga kitambaa,
na wewe uliye nje, Barabara ya Kumi na Mbili,
utadhani ndani hamna mtu.

Hiza yuko melini, fundi wa injini,
mwezi wa saba huu na watu wa kila lugha.
Juzi katuma picha, kavaa ndoo kichwani,
na chini yake: 55555.
Mama akavaa miwani, akazihesabu moja moja.
Elfu hamsini na tano, mia tano hamsini na tano!
Nikapanda baiskeli hadi kwa wakala,
Bi Mwantumu akakodolea simu yake, akanikodolea mimi:
hapa, mwanangu, haijaingia hata senti.

Usiku Hiza akapiga, akaeleza.
Kwa mpishi wao, Mtailandi, tano ni *haa*.
Si hela, Mama. Ni kicheko.

Tangu hapo anamletea vicheko kama wengine waletavyo kanga.
Mbrazili anaandika kkkkk.
“Mshono huo,” Mama kasema, “na uzi hajakata.”
Wa Kihispania, jajaja.
“Anajaza nini huyo?”
Mjapani anapanga w, wwww,
na akiziona huziita nyasi.
Hapo Mama alinyamaza kidogo, akalowesha uzi kwa ulimi.
“Kicheko kilichoota. Hicho nakielewa.”

Akataka kujua, je, sisi?
Nikamwonyesha hahaha. Akasema hiyo ya redioni.
Nikamwonyesha teh teh teh.
Hiyo ya mtu anayesuta, hamwandikii mwanawe.
“Wewe andika nimecheka.”
Umecheka vipi, Mama?
“Nimecheka mpaka sindano imenipotea. Andika.”

Sindano ipo sakafuni mahali, mguu wangu unaogopa.
Nikaandika kwi kwi kwi.
Alama mbili zikageuka buluu,
na kabla sijaiweka chini simu ikaita,
injini inanguruma nyuma ya sauti yake:
“Mama analia? Mbona umeniandikia kwikwi?”

Nikageuka nimjibu.
Kichwa juu ya cherehani. Mabega yanakwenda.
Kwikwi ni ya mtoto aliyegugumia maji,
ni ya matanga siku ya tatu, watu wakishapungua,
ni hii pia, na kwa nyuma
mgongo wa mama ni mgongo tu.
“Subiri,” nikamwambia.
Akasubiri. Vocha ya bahari ni ghali, akasubiri.

Mama hakuinua uso.
Aliinua mkono, uzi mwekundu umemning'inia kidoleni.

“Mwambie tano,” akasema. “Tia nyingi.”