Vikao Sita

Chumba chetu kiko juu ya maktaba,
zamani stoo ya ramani na viti vibovu.
Halmashauri ya Burnley ilileta zulia, birika, kiti cha pili,
na mimi: mwaka mmoja wa mafunzo,
na kabla yake miaka kumi na mitatu ya ukeshia,
watu wakinisimulia misiba yao
huku nikiwapimia viazi.

Ni bure. Inabidi niseme mara mbili.
Ni bure, Bwana Entwistle, hakuna bili itakayokufuata nyumbani.
Amesubiri tangu majani yalipopukutika;
sasa theluji imegeuka tope.
Koti amelifunga mpaka kidevuni.

Namsomea maswali tisa.
Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi
umekosa hamu? Umekosa usingizi?
Anajibu kama msoma mita ya gesi:
mbili, tatu, tatu.
Umeona ingekuwa heri usiwepo?
Anatazama dirisha.
"Moja," anasema. "Andika moja."
Naandika moja. Naweka kalamu chini.
Hapo tunakaa, mpaka aniambie yote ya hiyo moja.

Kikao cha kwanza kilichobaki alizungumzia boila.
Cha pili, boila.
Cha tatu nikajua jina la fundi, bei ya pampu,
na mlio inaoutoa saa tisa usiku,
kama mtu anayegonga kwa ukucha.
Msimamizi wangu akauliza: Mnasonga?
Nikasema: Bado tumo kwenye mabomba.

Mtaani kwao mwanamume alirudi kutoka kiwandani,
akala, akalala.
Alifundishwa kupiga moyo konde,
akaupiga, miaka arobaini akaupiga,
wala hakuna aliyemuuliza
moyo umevimbia wapi.

Cha nne hakuja. Birika likapoa.

Cha tano akaja na mvua mabegani, hakuketi.
"Ni yeye aliyekuwa akiiwasha. Hilda. Kila asubuhi.
Mimi hata kitufe sikijui."
Kisha akaketi.

Sina dawa ya hilo.
Nina saa ndogo, tishu, na swali:
Na nyumba ikiwa baridi, unafanyaje?
"Navaa koti."
Akanyamaza.
"Ndani. Tangu Septemba."
Akafungua kifungo kimoja.

Cha sita, alama zimeshuka: kumi na tisa, sasa kumi na moja.
Wakubwa wataipenda namba hiyo.
Itapanda treni hadi London, ikae kwenye jedwali,
isaidie, Mungu akipenda, kutupatia chumba kingine,
maana orodha imefika mwezi wa saba.
Jedwali halina safu
ya koti lililotundikwa mlangoni.

Nilimsikia akishuka ngazi.
Kuna msichana alikuwa chini, sare ya kiwanda cha mikate,
barua mkononi, mguu mmoja ukielekea barabarani.
Bwana Entwistle akamshikia mlango.
"Panda tu," akamwambia.
"Kaa kiti cha kulia. Cha kushoto kinayumba."