Kurasa Zilizoharibika

Mashini yangu ya fotokopi iko chini ya bati, mkabala na geti la Kasapa.
Inakohoa kila ukurasa wa kumi. Nimeizoea
kama mtu anavyozoea mume anayekoroma.
Faranga mia kwa ukurasa. Mkopo sitoi;
niliwahi kutoa, nikafundishwa.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza kulaza vumbi jekundu la Lubumbashi,
wanakuja wale wapya, viatu vinang'aa, orodha mkononi:
Mantiki. Elimu ya Uraia. Kusema na Kuandika.
"Kozi za lazima," wanasema, wakilitoa neno polepole
kama mwiba wa samaki kinywani.

Kapya Mwewa, kijana wa Katuba, aliyekuja kusomea madini,
aliitupa orodha yake juu ya kioo changu.
"Mama Ngoie, mimi nataka kuyeyusha shaba.
Shaba itaniuliza raia ni nani?"

Nilicheka. Nikabonyeza kitufe cha kijani.
Mwanga ukapita chini ya kifuniko, ukaenda, ukarudi,
kama mtu anayetafuta funguo usiku.

Sikumwambia kwamba nimezisoma zote.
Mimi niliyeishia darasa la sita,
mwaka baba alipotoka kiwandani
na ahadi ya mshahara ndani ya bahasha.
Katika mashini hii ukurasa wa mwisho hutoka kwanza:
mimi hujua hitimisho, kisha nangoja swali.

Mantiki nimeisoma miaka tisa. Profesa habadilishi hata mfano.
Ukurasa wa kumi na nne:
*Kila mbuzi hula majani. Huyu anakula majani. Je, ni mbuzi?*
Nilimtazama jirani yangu, muuza vocha,
ameinamia bukari na sombe yake.
Nikafikiri sana.
Hapana. Si mbuzi.

Septemba Kapya alirudi. Nane juu ya ishirini.
Sillabusi yake ameipoteza, au ameiuza, sikuuliza.
Tulifika katikati, umeme ukakatika,
karatasi ikabaki imeng'atwa na meno ya mashini.
Akakaa juu ya kreti ya chupa, kichwa mikononi.

"Ukurasa gani umekwama?"
"Thelathini na moja."
"Huo naujua kwa kichwa.
Kuna sharti la lazima, kuna sharti la kutosha.
Shaba yako, bila moto itayeyuka?"
"Haiyeyuki."
"Basi moto ni lazima. Washa moto mahali pasipo na jiwe la shaba.
Unapata nini?"
"Majivu."
"Moto ni lazima, lakini hautoshi. Sasa diploma?"

Akafungua kinywa, akakifunga.
Ng'ambo ya barabara mlinzi wa geti alikuwa akipangusa kofia yake,
yule mwenye lisansi ya uchumi.
Kapya alimtazama muda mrefu,
mpaka umeme ukarudi na mashini ikatema karatasi,
imekunjwa, nusu yake nyeusi tii.

Matokeo hupita kwangu kabla ya kubandikwa.
Sipaswi kuyasoma. Nayasoma.
Kurasa zikatoka kinyume kama kawaida yake,
nikashuka na majina mpaka herufi ya K.
Kumi.
Ni lazima, na kwa leo inatosha.
Hajapita kuniaga. Wanasema yuko Likasi.

Zile zilizoharibika sizitupi. Jioni nazibeba hadi nyumbani,
Musenge wangu anafanya hesabu mgongoni mwake.
Juzi aliigeuza karatasi, akasoma kwa sauti:
"Mama, *raia ni mtu ambaye...*
halafu wino umemwagika. Ni mtu ambaye nini?"

Nilikuwa nasonga bukari, mwiko mkononi.
Miaka tisa, na sentensi hiyo naijua yote.
Nikaona haitoshi.
"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Maliza hesabu."