Kambale wa Ukurasa wa Nne

Ripoti imeletwa kwa Kiingereza, kurasa kumi na moja,
niigeuze Kihispania kabla ya treni ya jioni.
Ukurasa wa nne nimekwama
kama pawatila ya Chibago kwenye jaruba.

Kiingereza kina samaki mmoja tu:
akiogelea ni yeye, akikaangwa ni yeye.
Na sisi wa Bahi hatuna cha kumcheka mtu,
samaki wetu naye ni samaki, majini na mezani.
Lakini Kihispania huuliza kwanza:
huyu bado ni wa maji, au ameshakuwa wa mtu?
Wa maji ni pez.
Akishavuliwa ni pescado, wala harudi nyuma.

Rahisi, nilidhani.
Nikaweka pez kwenye hesabu ya vifaranga,
pescado kwenye bei ya fungu, shilingi elfu tatu,
nikanywa chai.

Ndipo sentensi ya Ndahani, afisa uvuvi:
mwezi Oktoba, katika madimbwi yaliyosalia,
tulihesabu samaki mia mbili na sita.

Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Maji yalikuwa ya kifundoni, kisha ya kisigino,
kisha yakabaki rangi tu.
Kambale wamejikunja topeni, migongo juani,
wanafumbua vinywa na kufumba
kama watoto wanaokariri bila sauti.
Hakuna ndoano. Hakuna mgono.
Vijana walikuja na ndoo, wakachuchumaa, wakangoja.
Ya nini kumvua anayejileta?

Pez? Maji hayapo.
Pescado? Mkono haujamgusa.

Nikampigia Remedios, mkunga wa zahanati,
yule aliyewahi kutangaza mbele ya soko zima
kwamba jana usiku amekula mpunga.
Wanawake walicheka mpaka debe la mtu likamwagika.
Mama yangu akamfumbua kiganja,
akamwekea punje na ganda lake: mpunga.
Akaimenya kwa kucha: mchele.
Akamwonyesha sufuria ya mama ntilie: wali.
"Kwetu arroz ni arroz," alinung'unika, masikio mekundu.

Leo zamu ya kucheka ilikuwa yake.
Hakucheka. Aliuliza,
"Walikuwa wanapumua?"
Walikuwa wanapumua.
"Basi ni peces. Usiwavue wewe kwa kalamu."

Nimeandika peces.
Mia mbili na sita, wote hai, kwa wino mweusi.
Treni inapiga honi upande wa Kigwe,
bado kurasa saba, nalipwa kwa ukurasa.

Huko itakakosomwa, mezani kwa mtu nisiyemjua,
atafika kwenye neno hilo
na bila kutaka ataona maji,
maji mengi, yanayometa.

Sikukusudia kumwonyesha hivyo.
Nimeinua kalamu kufuta.
Nimeirudisha.