Mguu Mmoja wa Nondo

Jirani yangu wa Nguba, aliyeuza simenti Dar miaka sita,
aliposikia kazi yangu ni nondo
akauliza bei. Za milimita kumi na mbili. Tani mbili, utanipunguzia?
Nikamwambia: mzee Bahizire, si nondo zangu,
ni nondo wangu.
Hawabebi ghorofa. Wanagonga taa ya baraza lako usiku kucha
na asubuhi mkeo anawafagia pamoja na maganda ya ndizi.

Akacheka. Mimi nilibaki na ile *z*, na ile *w*.
Herufi moja imebadilika
na chuma kimeota mabawa.

*

Baba alikuwa mtu wa pini na masanduku.
Aliwapanga vipepeo kwa mavazi yao:
weusi wenye madoa meupe huku,
wa rangi ya udongo wa matofali kule,
na dume la manjano lenye mikia, peke yake,
kama bwana asiye na nyumba.
Wino wake bado unasomeka. *Mlimani, Aprili, baada ya mvua.*
Alikufa bila kujua kwamba wale majike wa masanduku mawili
ni mama mmoja na baba mmoja,
kwamba kila mmoja aliazima nguo ya mdudu mchungu
ili ndege wampite,
na kwamba yule wa manjano alikuwa mume wao.

Nimewang'oa mguu mmoja mmoja. Samahani, Baba.
Mkavu kama jani la chai, haufikii unene wa uzi.

*

Mguu unasagwa, unalowekwa, unalala kwenye joto
la nyuzi hamsini na sita mpaka alfajiri.
Saa nane usiku umeme ukakatika, Bukavu nzima ikazama,
ikabaki mishumaa ya Kadutu na ziwa ambalo halikuonekana.
Nsimire akazitia tyubu kifuani, ndani ya kitenge,
akakaa wima kama mwenye mtoto mgonjwa.
Joto lake halikutosha, tulijua wote wawili.
Hakuna aliyesema.
Murhula alikuwa nje akiitukana jenereta kwa Kifaransa,
kisha akaibembeleza kwa Mashi. Ikakubali.

*

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano, usiku,
wakati mtandao una nguvu kidogo.
A, C, G, T. Alfabeti yenye irabu moja tu.
Ukiisoma kwa sauti unakuwa kama mtu anayekohoa.
Tukazipanga safu juu ya safu, mamia ya jeni,
mahali palipoliwa na wakati tukaweka kistari,
na mti ukaanza kujichora kuanzia majani kurudi shinani.

Kipepeo tulimtafuta pembeni, kwenye shina lake la heshima,
maana tangu shule tuliambiwa: huyu wa mchana, yule wa usiku.
Hayupo pembeni.
Yumo ndani, katikati ya nondo, tawi lililochelewa kuchipua.
Kipepeo ni nondo aliyezoea jua
akasahau kuwaambia wanawe.

Fundo moja tu limekataa kufunguka.
Jeni mia nne zinasema huyu alitoka kwanza,
mia tatu tisini zinasema ni yule.
Waliachana haraka mno, hawakuacha alama njiani,
kama watu wa nyumba moja waliokimbia usiku mmoja,
huyu Uvira, huyu Goma, huyu hatukusikia tena.
Nani aliuachia mkono wa nani kwanza?
Nimewahi kumuuliza mama swali hilo.
Alitazama sufuria ya sambaza, akaongeza chumvi.

Kwenye mchoro, fundo lile nimeliacha wazi.
Mkaguzi ameandika: *amueni.*
Sijaamua.

*

Leo Bahizire ameniita. Amemzuia mkewe na ufagio wake.
Ukutani, chini ya taa, yupo mmoja wa kijivu, mkubwa kama kiganja,
ametulia kama amechorwa.
«Huyu ni wako?» ananong'ona.
Wako, amesema. Hakusema zako.

Namhesabu miguu. Sita.
Nitamwomba mmoja.