Vitobo

Shaame aliniletea mwavuli uliovunjika mbavu,
akautupa juu ya kofia niliyokuwa nikiidarizi.
"Shangazi, nishonee kitu kitakachoanguka polepole."
Miaka thelathini nafunika vichwa vya watu.
Hakuna aliyewahi kuniagiza mwanguko.

Nikaufumua. Vipande vinane, vyepesi kama ganda la kitunguu.
Nikakata, nikaunga, nikapinda ukingo mara mbili,
nyuzi nane za mshipi, nimezilinganisha kwa futikamba,
na utosini nikaacha tobo, pana kama sarafu ya mia.
Bi Tumu akacheka: mwavuli gani huo unaovuja?
Kofia moja tu ya kwangu ina vitobo mia tatu,
kila kitobo kimezungushwa uzi,
na sijamsikia mzee wa Wete akisema kichwa chake kinavuja.
Hewa usipoipa mlango
inakuyumbisha kama mlevi mpaka chini.

Shaame ni fundi simu, kibanda chake nyuma ya soko.
Akanionyesha kipande cha saketi
kifupi kuliko kidole changu cha shahada.
"Hiki ndicho kinachojua."
Kinajua nini?
"Kinaonja hewa. Kadiri tunavyopanda inapungua.
Ikiacha kupungua, kinajua tumefika,
kinawasha kijibaruti, mwavuli wako unatoka."
Betri yake niliitambua: ya simu ya vitufe
ya kaka yangu, baba yake.

Mpanda ngazi hushuka, walisema.
Hawakusema ashuke vipi.
Kaka yangu alipanda mkarafuu asubuhi, mwaka wa mavuno makubwa,
na chini palikuwa na mkeka, na karafuu juu ya mkeka,
na havikusaidia kitu.

Roketi ya kwanza, kule mashamba ya chumvi ya Kangagani,
ilikwenda kama mshale, ikarudi kama mshale.
Tuliichimbua topeni kwa jembe.
Mwavuli ulikuwa ndani, umekunjwa vilevile nilivyoukunja,
na poda ya mtoto niliyounyunyizia haijapukutika.

Siku tatu Shaame hakufungua kibanda.
Ya nne nikaishika roketi mwenyewe, nikaipapasa
kama ninavyopapasa kofia kutafuta uzi uliolegea.
Ubavuni alikuwa na matundu matatu madogo,
na yote matatu ameyabandika utepe, chumvi isiingie.
Basi kile kinachojua kilikaa chumbani, milango imefungwa,
kikapanda na hewa ileile ya Kangagani mpaka mawinguni.
Kwa hesabu yake, hakikuondoka chini.
Sikusema neno. Nilichukua sindano.

Mara ya pili Sheha alikuja mwenyewe, na karatasi ya ruhusa mfukoni,
akasimama nyuma ya gari.
Watoto wa chuoni walihesabu kurudi nyuma, wakaruka saba.
Moshi. Halafu mbingu tupu, ndefu,
ndefu kuliko nilivyoweza kuivumilia.
Halafu juu huko, pu,
kama mtu aliyefungua soda chumba cha pili.
Duara jeusi, na katikati yake tobo langu,
na ndani ya tobo, buluu.
Kikashuka kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji.

Upepo ukakipitisha chumvini, ukakiingiza mikokoni.
Tulitafuta hadi magoti yakaliwa na tope.
"Nyamazeni!" Shaame akanyanyua mkono.
Kulikuwa na kitu kinalia.
Mara tatu, kimya. Mara moja, kimya. Mara mbili.
Tena tatu. Tena moja. Tena mbili.
"Kinasema kilikofika," alisema, sauti imemkwama.
"Mita mia tatu na kumi na mbili."

Mkarafuu ule sidhani kama unafika kumi na tano.

Kitambaa kilinasa kwenye mzizi, hakikuchanika.
Nilianza kukikunja, mikono inatetemeka kidogo, njaa pengine.
Shaame akanyoosha kidole aizime betri.
Nikamwambia, iache.
Iache iseme.