Viatu Mlangoni

Springdale, Arkansas. Novemba.
Swali la nne: Wangapi hulala katika nyumba hii?
Bi Neiwan akatazama dirisha,
kisha kalamu yangu, kisha dirisha tena.
"Wanne," akasema.

Mlangoni nilikuwa nimevua viatu vyangu
kando ya jozi kumi na moja:
buti za mpira za kiwanda cha kuku, zingali na unyevu,
ndara za mtoto, moja imekatika ukanda,
viatu vya kanisani vilivyojazwa magazeti visinywee.
Viatu havijui kusema uongo.
Nikaandika: nne.

Maana mkataba wa pango unasema wanne,
na mwenye nyumba ana masikio mtaa mzima,
na mimi ni nani, na beji yangu shingoni,
nimwapie kwamba karatasi hii haina miguu?

Swali la saba: Asili yako. Weka alama.
Mweupe. Mweusi. Mlatino. Mwasia. Nyingine.
Mwaka juzi sote tulimwagwa humo, katika Nyingine,
kama makombo ya sahani tofauti
katika sufuria moja.
Kaunti ikatafuta Wamarshall wenye sukari,
ikapata sifuri,
na sifuri haipangiwi bajeti.
Wiki ile mjomba Lokbar
alikuwa anakatwa mguu wa pili.

Sasa tuna kisanduku chetu.
Kamati ilikibishania miezi mitatu.
Hakizidi punje ya mchele.
Bi Neiwan alikiwekea alama taratibu,
akakandamiza hadi karatasi ya chini.

Aprili nikarudi.
"Watu wa maswali hawarudi," akasema,
bado kashika kitasa.
Nilileta ukurasa mmoja, kwa Kimarshall, usio na jina la mtu:
wangapi kati yetu wana sukari,
wangapi walikuwa hawajui,
na kwamba kliniki sasa itafunguliwa saa saba usiku,
zamu ya pili inapotoka.

Aliusoma kwa kidole.
Alirudia mstari wa usiku.
"Ile nne niliyokupa, bado unayo?"
"Ninayo."
"Ifute."

Akaita kuelekea vyumbani.
Vitanda vikalia, milango ikafunguka,
mwingine akatoka na mswaki mdomoni.
Nikahesabu. Kumi na moja. Nikafunga kalamu.

"Bado," akasema,
akaniwekea mikononi wa kumi na mbili:
miezi saba, mzito, amelala fofofo,
nyayo wazi.
Novemba alikuwapo.