Maji ya Alhamisi

Kimetoka kwenye kitanda cha mfumi
kikiwa bado si kitambaa:
nikikiinua dirishani
naona Umoja yote kupitia matundu,
kamba za nguo, tangi jeusi la jirani.

Mfereji umekohoa, ukatapika kutu,
kisha maji.
Nachemsha sufuria mbili, namimina karaini,
sabuni ya mche nimeikwangua kwa kisu.
Naingia miguu mitupu.

Kanyaga. Geuza. Kanyaga.
Sufu ya Kinangop inanuka kondoo aliyenyeshewa,
na huko chini Mama Kerubo
anagonga dari kwa mpini wa ufagio:
Leo tena?
Leo tena, mama. Maji hayarudi hadi Alhamisi ijayo.

Mtande na mshindio, iliyokuwa ikipitana tu
kama wapangaji ngazini,
sasa imeshikana.
Ukucha haupenyi.

Nakikamua, nakitandaza juu ya paa, napima.
Kimepungua shubiri mbili.
Nami mtande niliupima kwa kimo cha baba
cha mwaka juzi, kabla ya wodi.

Nawaza kuongeza pindo.
Halafu nakumbuka Jumapili nikimvua koti:
mabega ya mtoto wa shule.

Kitamtosha.
Naweka mawe pembe zote nne,
nashuka kuyabeba yale maji machafu
hadi chooni, yasipotee bure.